Mavi ya Kuku kwenye Orodha ya Mahari

Ninyi vijana mnaokuja kwangu na picha kwenye simu, majani mabichi yamelala mbele ya nyumba ya tajiri wa nchi nyingine, halafu mnaniuliza, «Papa Gazon, baba wa majani, tufanyeje tupate kama hii?», kaeni kwanza. Hapana, si hapo. Hapo nimepanda juzi.

Nimetunza bustani za watu katika mji huu wa Kisangani tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi na nyingi. Leo si nyeusi wala si nyingi, na mgongo wangu umechukua umbo la mpini wa jembe. Nimepumzika kazi, lakini watu hawajapumzika kuniuliza. Basi nitawaambia yote, ila naanza na katazo moja. Usimwage mchanga juu ya udongo wa mfinyanzi. Hata mwenye nyumba akikuomba, hata ukioteshwa ndoto, usimwage. Mimi nilimwaga, nikageuza kiwanja cha mjane kuwa tofali moja. Na aibu kubwa zaidi ni kwamba baba yangu alikuwa mfyatua matofali.

Mjane mwenyewe alikuwa Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, muuza chumvi na sabuni kwa jumla, mwanamke ambaye hata mvua ilikuwa inamwomba ruhusa. Mume wake, Papa Kambale, alinunua kiwanja pale Makiso, akajenga nyumba nzuri, akafa kabla hajapanda jani moja mbele yake. Kabla ya kufa aliacha neno moja kuhusu binti yao, Masika: siku ya mahari, yaani ile tunayoiita dot, mtoto wake asitokee kwenye salle, ukumbi wa kukodi. Atokee kwenye kiwanja cha baba yake.

Neno zuri. Tatizo lilikuwa kiwanja. Kilikuwa mfinyanzi mtupu, mwekundu, mzito, wa kunata. Jua likiwaka unapasuka kiasi cha kupitisha mkono. Mvua ikinyesha unakamata mguu wako na haukuachii mpaka mzungumze vizuri.

Wengi tuliujua ubaya wake siku ya kuondoa matanga ya Papa Kambale. Viti vya plastiki vilipangwa mbele ya nyumba, mvua ikanyesha asubuhi, ikakatika, watu wakakaa. Kaka mkubwa wa marehemu, Tonton Paluku, ndiye aliyehutubia, na kwa sababu ya magoti yake alihutubia akiwa amekaa. Yule mzee akishika neno halirudishi upesi. Alipokuwa anaeleza kuzaliwa kwa marehemu, kiti chake kilikuwa sawa. Alipofika kwenye ubatizo, mguu mmoja wa kiti ulikuwa umeanza kuzama. Alipofika kwenye ndoa, bega lake la kushoto lilikuwa kwenye sahani ya jirani yake, naye bado anaendelea, sauti ileile, heshima ileile. Mama Kavira akakimbia kumdaka. Alimdaka, lakini kiatu chake kimoja kilibaki ndani ya udongo. Tulitafuta kwa mikono, kwa fimbo, kwa jembe. Hakikuonekana. Vile viatu ndivyo vya mwisho alivyonunuliwa na mume wake. Alilia zaidi siku ile kwa ajili ya kiatu kuliko alivyolia siku ya mazishi, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Jioni aliniita. Mimi ndiye niliyekuwa nakata magugu pale.

«Masika akiolewa, dot itafanyikia hapa,» akasema. «Papa yake alisema hivyo, na mutu aliyekufa habadilishake neno. Utaweza kutengeneza hii fasi, ao hautaweza?»

«Miezi tatu, Mama,» nikasema.

Vijana, mtu akikuuliza swali la udongo, usijibu kabla hujalala usiku mmoja.

Akili yangu ilikwenda hivi. Mfinyanzi unashika maji. Mchanga unaachia maji. Changanya vyote viwili, maji yatatembea kwa adabu. Basi nikaleta mchanga wa mtoni kwa mikokoteni, pousse-pousse baada ya pousse-pousse, nikaumwaga, nikamwagia maji, nikatafuta wenzangu wawili, tukaanza kuukanyaga ndani ya mfinyanzi kwa miguu huku tunaimba. Kazi ilikwenda vizuri mno. Miguu yangu ilikuwa na furaha, ilijua pa kukanyaga bila kuambiwa. Sikujiuliza hata mara moja iliyajulia wapi mambo hayo. Iliyajulia kule Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye shimo la matofali la baba yangu, ambako ndivyo tulivyofanya tangu utoto: mfinyanzi, mchanga, maji, miguu. Halafu jua.

Na jua likaja. Siku kumi mfululizo. Siku ya kumi na moja nilichukua uma wa kulimia, ule wa meno manne, nikaupiga ardhini. Jino moja likapinda. Nikapiga tena, uma ukaruka, mkono mzima ukaingia ganzi mpaka kwenye kiwiko. Mvua iliyofuata ilikaa juu ya kiwanja kama mchuzi kwenye sahani, haikuzama hata tone. Bata wa jirani wakahamia na watoto wao.

Baba yangu alikuwa bado hai. Alisikia habari, akavuka mto kuja kuona. Alipiga goti, akagonga ardhi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena upande mwingine. Uso wake ukajaa fahari, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

«Mutoto yangu,» akasema, «miaka yote ulikala kwangu, haukunifanyiaka tofali ya muzuri kama hii. Inakosa moto tu.»

Nilitaka kutoroka. Nilifikiria hata kwenda Bumba kwa shangazi yangu. Lakini njiani kuelekea bandarini nilipita kwa Mama Salima, mama mmoja Mwislamu wa kutoka Maniema ambaye alikuwa analima lenga-lenga, mchicha wetu, kando ya mfereji, na macho yangu yakasimama. Udongo wake ulikuwa ndugu wa ule wa Mama Kavira, mfinyanzi uleule mwekundu, lakini mboga zilikuwa zimesimama utadhani zinakwenda kuoa. Nikamweleza msiba wangu wote. Alicheka mpaka akaomba kushikwa.

Alipomaliza alinipeleka pembeni, mahali ambapo hajawahi kulima. Akachimba shimo la urefu wa mkono mpaka kiwiko, akalijaza maji, akaniambia nikae nilitazame. Yeye akaenda kuvuna. Akauza. Akasali adhuhuri. Aliporudi, maji yalikuwa bado yapo, yananitazama. Kisha akachimba shimo kama lile kwenye tuta lake la mboga, akalijaza, akaanza kufunga mafungu ya lenga-lenga. Fungu la tatu halijaisha kufungwa, maji yamekwenda.

«Umeona? Udongo ni mumoja,» akasema. «Huu wangu unakulaka, ule wako iko na njaa. Na weye, mutu iko na njaa, unamupatia mawe?»

Somo langu lote la kazi lilikuwa pale, na nilipewa na mwanamke aliyechuchumaa na kamba ya mgomba mdomoni. Mfinyanzi si adui, aliniambia. Una nguvu nyingi kuliko udongo mwingine, ila umejifunga. Unafunguliwa kwa vitu vilivyokuwa hai: maganda ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa, mavi ya kuku yaliyokaa mpaka harufu imepungua, magugu yaliyooza, vigogo vya mgomba vilivyokatwakatwa, na majivu kidogo, kiganja tu. Usiuguse ukiwa umelowa, kwa sababu kila hatua yako unaukandamiza upya. Usiuguse ukiwa mkavu kabisa, utavunja mkono. Chukua donge, libonyeze. Likivunjika vipande vidogo, ingia. Likikunjika kama unga wa kwanga, ule mkate wa muhogo, rudi nyumbani ukalale. Na ukishapanda majani usidhani umemaliza. Kila mwaka toboa matundu kwa uma, nyunyiza mboji juu yake nyembamba, kiasi kwamba ncha za majani bado zinaliona jua. Nyungunyungu watafanya yaliyobaki.

«Muda gani?» nikauliza.

«Mwaka, kama unafanya bila kivivu.»

Sikwenda Bumba. Nilirudi kwa Mama Kavira, nikavua kofia, nikamwambia ukweli wote, pamoja na maneno ya baba yangu. Alikuwa amekaa kwenye baraza na Masika, binti mwenyewe, ambaye alikuwa mwanafunzi wa chuo.

«Mwaka ni mingi,» Mama Kavira akasema. «Miezi sita.»

«Mama, ni mwaka.»

«Bon, saba. Miye ni cliente ya zamani.»

«Mama, si miye niko nauza. Udongo njo unauza. Na haupunguzake.»

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kukutana na muuzaji asiyepunguza. Masika akamshika mkono, akasema kwa upole, «Mama, tuchukue tu salle. Papa atatusamehe.» Mama Kavira akatazama lile tofali mbele ya nyumba, bata wamelala juu yake, akasema, «Yeye atatusamehe. Miye sitajisamehe.» Akaingia ndani, na pale hamu ya kucheka iliniisha kabisa. Nilielewa kwamba sikuharibu kiwanja tu. Nilikuwa nimeharibu neno la marehemu.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Mchumba wa Masika alikuwa Trésor, kijana wa kupakia mizigo pale Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, mpole, mwenye mabega. Familia yake ilikuwa imekwisha kuja kujitambulisha, na siku chache baadaye walirudi kuchukua orodha ya mahari. Mnajua desturi: mama wa binti hasemi mbele ya wakwe, wanaume ndio wanasema. Basi Tonton Paluku alikaa sebuleni na karatasi, safari hii kwenye sakafu ya saruji, na Mama Kavira alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Mimi nilikuwa mlangoni na soda, nimeitwa kugawa vinywaji kwa sababu kazi nyingine sikuwa nayo. Mjomba wa Trésor akaipokea ile karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

«Costume ya papa mukubwa. Bien. Bitenge ya mama. Bien. Mbuzi, wawili dume, wawili jike. Bien. Chumvi mufuko moja. Taa. Jembe...» Akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na dirisha. «Maganda ya mupunga, mifuko makumi ine. Mavi ya kuku...» Akavua miwani. «Papa Paluku, excusez. Hapa iko kosa ya kuandika?»

Tonton Paluku akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia soda. Nyuma ya pazia sauti ikatoka:

«Haiko kosa. Mavi ya kuku, mifuko makumi mbili. Ya zamani, haiko ya mubichi. Na inafika mwaka moja mbele ya mbuzi.»

Mjomba akamgeukia mpwa wake, akamwuliza kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, «Trésor, hii mwanamuke unamupenda kweli kweli?» Kijana akasimama, akafunga kifungo cha koti. «Ya kuku tu, Tonton? Hata kama wangeomba ya bata, ningeleta.» Wanawake jikoni wakapiga vigelegele, na mambo yakaisha hapo.

Akaleta kweli. Kila alipotoka kazini, mfuko mmoja nyuma ya pikipiki. Watu wa barabara ya Bangboka walimjua kwa pua kabla ya kumwona. Jumamosi alivaa kaptula akashika sululu pamoja nami, tukaanza kulivunja lile tofali kipande kwa kipande. Baba yangu hakuvumilia kuona mali inapotea. Alivichukua vile vipande vigumu, akavipeleka Lubunga, akavilowesha, akavifyatua, akavichoma, akaturudishia matofali. Hayo ndiyo tuliyojengea mfereji unaopeleka maji barabarani, kwa sababu Mama Salima alikuwa ameniambia: inua kiwanja kidogo katikati, maji yapate pa kwenda. Mpaka leo kosa langu liko pale limepangwa kwa mstari, na halijapasuka hata tofali moja.

Siku ya nne ya kuvunja, Trésor aliinua donge akakuta ndani yake kisigino. Tuliligonga taratibu kama yai. Kilikuwa kile kiatu. Kimebanwa, kimebadilika rangi, kutoka cheusi kimekuwa chekundu cha mfinyanzi, lakini kizima. Mama Kavira alikipokea kwa mikono miwili. Alicheka kwanza, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi akalia, na sisi tukaenda kufanya kazi upande mwingine wa nyumba. Kumbe kiatu mwenzake alikuwa amekitunza kabatini muda wote.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikwenda sawa baada ya hapo. Niliona uvivu wa kusubiri maganda yaoze, nikaongeza vumbi la mbao bichi kutoka kwa maseremala. Majani machache niliyopanda kujaribu yakawa manjano kama mtu mwenye homa ya ini, kwa sababu vumbi la mbao likianza kuoza linakula chakula cha majani kwanza. Mama Salima alikuja kutazama, akaniuliza kama nina kisasi na familia ile. Tukaongeza mavi ya kuku, tukasubiri. Mimi nilijifunza kusubiri nikiwa mtu mzima, na haikuwa rahisi.

Kisha siku moja Mama Kavira akapiga kelele kiasi kwamba jirani alikuja na panga. Alikuwa ameinama mbele ya nyumba, kidole ardhini. «Njooni muone! Iko moja! Iko nahema!» Alikuwa nyungunyungu. Mmoja, mwembamba, wa kawaida kabisa. Alituita sote, akatuma mtu kumwita hata Tonton Paluku kwa simu, na tangu siku ile kuku na bata walipigwa marufuku katika kiwanja kile. Nami nikapanda paspalum, yale majani ya kutambaa, kijiti kwa kijiti, kila kimoja mbali na mwenzake kiganja kimoja, na nikamwambia yule mama asiikate fupi hata jirani akisema nini. Majani marefu kidogo yana mizizi mirefu, na mizizi ndiyo inayoendelea kuchimba wewe ukiwa umelala.

Siku ya dot ilifika. Na mvua nayo. Haikunyesha, ilimwagika, tangu alfajiri mpaka saa nne, mvua ya kwetu isiyo na nukta wala mkato. Wakwe walikuwa njiani na mbuzi. Wapishi walikuwa wanapika chini ya turubai. Mama Kavira alisimama dirishani amevaa kitenge kipya. Mimi nilisimama kando ya mfereji wangu wa matofali na mwavuli uliovunjika, naomba Mungu, na nakiri kwamba nilimwomba pia Papa Kambale. Maji yakaanza kupita mferejini, mekundu, halafu ya rangi ya vumbi, halafu meupe. Mvua ikakatika. Nikahesabu mafungu ya lenga-lenga kichwani, moja, mbili, tatu. Nikaingia kwenye majani, nikabonyeza kisigino. Ardhi ikanikubali, ikanirudisha.

Viti vikatolewa nje. Tonton Paluku alikataa kukaa. Alizunguka kiti chake, akakitikisa, akakisukuma chini kwa mikono miwili, akamkalisha mjomba wa Trésor kwanza. Alihutubia amesimama, na magoti yake yalikuwa yanatetemeka. Alipofika kwenye kuzaliwa kwa Masika akashindwa, akakaa taratibu, amefumba macho. Kiti kikasimama. Akafumbua jicho moja, akaendelea na ubatizo.

Masika alitoka mlangoni mwa nyumba ya baba yake, akapita juu ya majani ambayo baba yake hakuyaona, na akavua viatu akaenda miguu mitupu mpaka kwa Trésor. Nililia. Semeni mnachotaka, nililia. Mbuzi walitaka kula paspalum yangu, nikaacha kulia.

Jioni, ngoma imepoa, Mama Kavira alinijia. Hapo ndipo nilipotazama miguu yake. Alikuwa amevaa vile viatu viwili, kimoja cheusi, kimoja chekundu, na alikuwa amecheza navyo tangu mchana bila mtu kuthubutu kuuliza. Akaniegemea begani, akainua mguu wenye kile chekundu, akanionyesha soli. Ilikuwa kavu. Jani moja dogo limenata kwenye kisigino, basi.

«Kambale ameona,» akasema.

Kisha akashusha mguu, akageuka kuangalia nyuma ya nyumba, kule mfinyanzi ulikokuwa bado mfinyanzi.

«Na hii fasi ya nyuma? Watakuya kubatizia watoto hapa. Muda gani?»

«Mwaka, Mama.»

«Miezi sita.»

Nikavua kofia, nikamwonyesha ule udongo kwa mkono. «Mama, enda useme nao weye mwenyewe.»

Na alikwenda. Nilimwona pale katikati ya kiwanja cha nyuma, viatu vya rangi mbili, mikono kiunoni, anabishana na ardhi.